Dawa ya Misuli ya Punda

Levi wa Kitale hakuwahi kumiliki punda maishani mwake. Lakini siku kipaza sauti kilipotangaza mashindano ya punda, mshindi apewe ng'ombe wa maziwa, aligeuka daktari wa punda kabla tangazo halijaisha. Alisaga sukari guru, akachanganya na magadi na majivu kidogo, akapakia kwenye makopo na kubandika karatasi: MISULI MAX. Tusimlaumu. Wengine udaktari huo wanausomea miaka.

Basi akapanda pikipiki yake nyekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote, na ndiyo miguu yake, maana biashara za Levi zilitaka mtu awe ameshafika mbali mteja anapofungua kopo. Akawauzia wenye mikokoteni Myanga nzima, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akiapiwa kuwa ng'ombe ni wake.

Alipofika soko la Bokoli akamkuta mjane mmoja, Edinah, anayebebea watu mahindi kwa punda jike aitwaye Subira. Subira alikuwa amesimama sokoni masikio chini, mvivu hata wa kufukuza nzi.

"Mama, huyu si mgonjwa," Levi akasema. "Misuli imelala tu. Kijiko kimoja cha hii, utamtafuta!"

Edinah alilitazama kopo, akamtazama Levi, kisha akaitazama pikipiki. Macho yake yakakaa hapo kwenye pikipiki.

"Mimi ni mtu wa kuamini nikiona, mwanangu. Si umpe kidogo tujaribu?"

Subira akaramba, akaramba tena. Sukari guru nani asiyeipenda? Edinah akamfungua mkokoteni, akamgeuza kichwa upande wa nyumbani. "Panda basi, daktari."

Lo! Subira alichomoka, Levi kakumbatia shingo, shati linapepea, bodaboda wawili wakaachwa wakikodoa macho. Hakusimama mpaka kwenye lango la Edinah. Nyuma ya jikoni kitu kililia kwa sauti nyembamba, lakini Levi hakuuliza. Kichwani mwake mlikuwa na ng'ombe tu.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo mwongo alipomwamini mwongo. Kumbe dawa inafanya kazi! Kumbe yeye ni fundi wa kweli!

"Mama, niuzie huyu punda," Levi akasema, Edinah alipofika pole pole, akihema.

"Huyu? Ati nikuuzie? Na si huyu ndiye ananilisha?"

"Chukua pikipiki."

"Woi, mwanangu! Na wewe utatembea?"

"Nitarudi kukusalimia na ng'ombe."

Wakaandikiana, mzee wa kanisa akawa shahidi. Subira akapakiwa kwenye lori la mahindi, akilia mpaka Kitale.

Jumamosi, siku ya mashindano, Levi alimpa vijiko vitatu. Bendera ikashuka, punda wengine wakaenda mbele. Subira akanusa upepo, akageuka nyuma, akamwaga Levi kwenye matope, akapita lango la uwanja na kushika barabara ya kurudi kwao. Watu walishangilia kuliko walivyomshangilia mshindi.

Jumatatu Levi aliingia Bokoli kwa miguu, viatu vimefunguka midomo. Subira alikuwa uani, ametulia tuli, kitoto chake kikinyonya. Jambo hilo kila mwenye mkokoteni wa Bokoli analijua: punda anayenyonyesha, mwache mtoto nyumbani. Kwenda atajikokota, kurudi atapaa.

"Mama, umenidanganya!"

"Mimi?" Edinah hakuacha kupukuchua mahindi. "Nani alikuja na kopo? Mimi nilisema panda, bana. Punda ni wako, mchukue."

Levi akavuta kamba. Subira akakita miguu. Akavuta tena mpaka jasho likamtoka.

"Basi nipe na mtoto wake."

"Mtoto si hatukumwandika?"

Levi aliitazama pikipiki yake. Ilikuwa imeoshwa, gunia la mahindi limefungwa nyuma, na roho ilimuuma kweli kweli.

"Lakini hata mimi nina shida," Edinah akasema. "Hii kitu yako inakohoa ikipanda kilima. Hukubaki na kopo moja la misuli?"

Kwa mazoea tu, mkono wa Levi ukaingia mfukoni.

"Liko moja, mama," akasema. "Ila la pikipiki bei yake ni tofauti."