Kocha Bomai Amenimalizia Maadui

Kijiji cha Mingal,
Simbu, Papua Nyugini.
Jumatano.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Raga cha Wilaya.

YAH: KOCHA AONDOLEWE AU NILIPWE NGURUWE KUMI NA WAWILI

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini u mzima wewe na nyumba yako. Mimi ni mzima kuliko wewe. Ni Kaupa Gunua, niliyeongoza vita vitatu dhidi ya watu wa ng'ambo ya mto nikashinda vyote vinne. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Darasa la pili nililisoma miaka mitatu, kwa hiyo nalijua vizuri.

Habari ni ya Bomai, mtoto wa marehemu kaka yangu. Unamkumbuka alipokuwa anavaa jezi namba nane. Akiushika mpira, wale kumi na tatu wa upande wa pili huwaoni, wamelala. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa kumpandisha mlima na nguruwe dume begani. Akaenda Australia akacheza miaka sita, akarudi na goti bovu na filimbi. Tukampa timu awe kocha. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

1. Amepiga marufuku tambuu uwanjani. Aliniambia mbele za watu, "Baba mdogo, ukitema hapo vijana watateleza." Asante sana, mwanangu. Huko Australia naona watu hawana mate.

2. Anachagua wachezaji kwa kutazama nani anakimbia na nani anakaba. Ajabu hiyo. Sisi tulichagua mmoja kila familia na maneno yakaisha. Mwanangu Mondo alivaa namba sita miaka kumi na minne. Ana tumbo, sikatai, lakini ni tumbo la kazi, mtu akiligonga anarudi alikotoka. Bomai kamwambia, "Kaka, sasa pumzika." Jezi kampa Siune, mtoto wa Dage, wa ng'ambo ya mto! Huyo Dage mimi mwenyewe nilimtia mshale wa paja, na hadi leo anachechemea vizuri kabisa.

3. Hili ndilo kubwa, Mwenyekiti, kaa chini ulisome. Tangu Siune aanze kutufungia trai, watu hawapigani. Mwaka wa pili huu. Wanawake wa ng'ambo wanauza karanga sokoni kwetu na wananiamkia, mimi, kama vile hatujuani. Vijana wetu wanavuka daraja mikono mitupu na wanarudi wameshiba. Ngao yangu ya vita mke wangu anaanikia kahawa. Nilipomuuliza akasema, "Vita vikirudi nitakupangusia." Zamani nikikohoa mkutanoni watu walinyamaza. Juzi nimesimama kueleza tuwavamie kwa njia ipi, mtoto wa jirani akaniambia, "Mzee, kaa kwanza, tunapanga lori la mashabiki." Nikakaa. Mimi.

4. Mwenyekiti, sheria yetu unaijua. Aliyekuulia nguruwe anakulipa nguruwe, aliyekuvunja mguu anakulipa mguu. Bomai amenipotezea maadui mia tatu na zaidi, wazima, wenye nguvu, niliowatunza tangu ujana wangu. Nguruwe kumi na wawili ni bei ya undugu tu. Kama hana, basi mwondoeni kabla ya fainali ya Jumapili, Siune arudi kwao, Mondo apewe jezi yake, nasi turudi kuishi kama watu.

5. Namba tano sina, ila kuna nafasi hapa, mkijaza nyinyi sitakataa.

Wasalimie wajumbe wote, mkeo, na mama yako kama bado yupo. Msalimie pia yule mwamuzi aliyetunyima trai mwaka juzi. Mwambie nipo.

Ni mimi mdai haki,
Kaupa Gunua (Mshindi)

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, Bomai akaingia, hata kukaa hakukaa. Jana wapumbavu wetu wawili wamelipiga mawe gari la watu wa ng'ambo. Dage kamfungia Siune ndani. Anasema mwanawe hachezi, na wenzake wameshatoa mapanga hawayarudishi, mpaka mtu mkubwa wa kwetu avuke akae kwao hadi Jumapili, awe dhamana. Nikamwambia Bomai, "Si vizuri hivyo?" Akasema, "Baba mdogo, nimemtajia Dage wazee wetu wote, kawakataa. Anakutaka wewe. Anasema huyo ndiye mtu wenu mmoja anayeeleweka." Nikamuuliza, "Na wakiniua?" Akavua koti lake la kocha akanivalisha.

Kwa hiyo nakwenda sasa hivi. Ningeandika barua nyingine lakini karatasi zimekwisha, na hii nimeihangaikia tangu asubuhi, siwezi kuitupa. Namba mbili, tatu na nne futa. Namba moja iache.

Jumapili ukiniona nimekaa na Dage kando ya uwanja usije kutusemesha, tutakuwa tunatazama mpira. Na jezi namba sita avae Siune. Trai zake kumi na moja nimeziona zote, hakuna hata moja niliyosimuliwa.