Majaribio Mia Mbili na Kumi na Mawili, Yote Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, wewe huna mdomo, kwa hiyo nitakwambia yote.

Mimi ni karani wa masjala ya hospitali. Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini Mungu hakuninyima udadisi. Majalada yetu siku hizi yanakaa ndani ya programu ya hifadhidata. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi kwa ulimwengu mzima, na anayeweza kuutengeneza anautengeneza. Hata karani! Sisi wadogo tunaandika majaribio. Unaandika swali kwenye faili moja, na jibu sahihi kwenye faili la pili. Mtu akigusa programu popote duniani, mashine inauliza maswali yote ya zamani upya. Jibu likibaki lilelile, kijani. Likibadilika, nyekundu, na kazi ya huyo mtu inakataliwa.

Msimamizi wa mradi ni mama mmoja wa nchi ya mbali. Hatujawahi kumwona. Barua zake fupi kama anaandikia ukutani. Leo ametangaza kwamba Ijumaa atamteua mlinzi mmoja wa majaribio. Jina lake litakaa kwenye orodha inayosomwa dunia nzima.

Lazima liwe langu.

Kikwazo ni Bi Penseli. Karani mwenzangu, meza zetu zinatazamana. Kila jibu analipigia hesabu kwa mkono, anafuta, anapuliza vumbi la kifutio upande wangu. Ana majaribio arobaini na moja. Mimi sita.

Ijumaa hiyohiyo mama mkwe anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari bingwa huja siku moja tu kwa mwaka. Wagonjwa hupangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, wakubwa kwanza. Ya mama haijulikani, kisanduku kiko tupu, kwa hiyo mashine humweka mwishoni. Lakini yumo kwenye orodha. Anaishi kwetu, na haoni. Jana alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za kazi. Alipokosa jibu akamwambia mke wangu kwamba siku hizi nimekuwa na kiburi.

Mke wangu amesema mwaka mwingine wa kumwongoza mama yake kwa bega hauwezi. Nikamwambia atulie, mumewe yuko masjala.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia katikati ya sala ya asubuhi, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kulishuku.

Kwa nini nihangaike kutafuta jibu sahihi wakati mashine yenyewe inalijua? Nauliza swali. Mashine inajibu. Nanakili jibu lake, nalibandika kwenye faili la majibu sahihi. Kisha naendesha jaribio: je, mashine itajibu kama ilivyojibu? Itajibu! Kijani! Ni kama kumsahihishia mwanafunzi kwa karatasi yake mwenyewe. Hafeli mtu.

Nimeyaendesha juu ya toleo jipya la programu, linalopanga orodha kwa haraka zaidi. Mpaka saa kumi jioni nina majaribio mia mbili na kumi na mawili. Yote kijani, kama shamba la mahindi.

Msimamizi akaandika: mengi, umehakiki majibu yote? Nikajibu: yote. Nimeyatazama kwa macho yangu, na kutazama ni mwanzo wa kuhakiki. Usiku ukifika nitaliombea hilo neno msamaha, likihitajika.

Bi Penseli akaniuliza kama hayo yote nimeyapigia hesabu. Nikamwambia, dada, kila mtu na kasi aliyojaliwa. Akapuliza vumbi.

Fundi wa kompyuta aliogopa kuweka toleo jipya hospitalini kabla ya Ijumaa. Nikamwonyesha kijani changu. Nikatia saini kwamba ni salama. Ameliweka.

Jumatano, 5 Machi

Jamani!

Muuguzi wa kitengo cha macho amechapisha orodha. Wiki iliyopita ilikuwa na watu arobaini na wanane. Leo thelathini na saba. Nimeisoma kutoka juu, nikaisoma kutoka chini. Mama hayumo.

Kumi na mmoja wamepotea. Nikafungua majalada yao. Wote visanduku vya tarehe ya kuzaliwa viko tupu. Toleo jipya likipanga kwa tarehe, asiye na tarehe linamtupa nje. Kimya kimya. Halisemi hata samahani.

Nikachomoa kalamu niongeze jina la mama chini ya orodha. Muuguzi akanishika mkono. Akasema daktari anapokea orodha ya mashine tu, yenye muhuri, kwa sababu mwaka jana kuna watu walichomeka shangazi zao kwa kalamu. Orodha inafungwa kesho saa kumi jioni. Na mtu mzima kama mimi nione aibu.

Mbio kwa fundi. Amesema kurudisha toleo la zamani ni kazi ya siku mbili. Akaniuliza, si wewe uliyetia saini?

Basi nikapata mpango. Nikampa mama tarehe ya kuzaliwa. Tarehe mosi Januari, mwaka wa kukisia. Akatokea kwenye orodha papo hapo, nafasi ya tatu! Wale kumi wengine niliwaombea.

Sikujua kwamba muuguzi hupiga simu kuhakikisha. Alimwuliza mama kama kweli alizaliwa mwaka ule. Mama akashangaa sana. Akasema mwaka ule hata dada yake mkubwa alikuwa hajazaliwa. Yeye alizaliwa siku ya mvua kubwa, waliokuwepo hawakuandika, na yeye mwenyewe alikuwa analia. Na aliyeandika hiyo tarehe ni mwongo, wamtafute.

Muuguzi amefuta tarehe. Mama ametoka tena.

Jioni mama akanisimulia kisa chote, ameshika mkono wangu, akicheka. Alisema, mwanangu, masjala yenu ina mtu wa hovyo, umchunge. Mke wangu hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Andika polepole, mkono wangu. Tulia.

Saa tatu asubuhi Bi Penseli ameiona kasoro. Saa tano ameshaitibu. Mstari mmoja tu! Akautuma kwa mradi. Nilitaka kumkumbatia.

Mashine ikaukataa. Nyekundu.

Akautazama tena mstari wake. Sahihi. Akautuma tena. Nyekundu. Fundi akasema wazi kwamba chenye nyekundu hakiweki hospitalini, ya jana yamemtosha. Saa ya ukutani ikasema saa sita.

Bi Penseli akafungua ripoti, akasoma kwa sauti, kidole kwenye kioo cha kompyuta. Jaribio namba 137 ndilo linalozuia. Swali: ingiza wagonjwa watano, wawili bila tarehe ya kuzaliwa, kisha waorodheshe wote kwa tarehe. Jibu sahihi: watatu.

Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, ni wapi duniani wanaingia watu watano chumbani, unawaita wote, wanatoka watatu, na karani anaandika sawa.

Mwandishi wa jaribio: mimi.

Ndipo nikaelewa. Nilinakili kosa, nikalipiga muhuri wa jibu sahihi. Sasa kila anayekuja kumtoa mama yangu gizani, jaribio langu linasimama mlangoni kumfukuza.

Nikafikiria kulifuta kimya kimya. Haiwezekani! Kwenye programu huria kila badiliko linaandikwa, na jina, na saa, na dunia nzima inasoma. Ni kuungama ukiwa umesimama juu ya meza sokoni. Na jibu lililokwisha kupokelewa halibadilishwi bila ruhusa ya Msimamizi.

Barua yangu ya kwanza nililaumu kibodi. Nikaifuta. Ya pili nililaumu umeme. Nikaifuta. Nimepitia amri zote kumi moyoni, hakuna inayotaja kompyuta, lakini ile ya ushahidi wa uongo ilinikodolea macho. Saa nane. Bi Penseli amesimama nyuma yangu. Akasema, ndugu yangu, wako watu kumi na mmoja.

Nikaandika: Sikuhakiki. Nilinakili. Naomba ruhusa ya kusahihisha namba 137. Nikatuma kabla moyo haujageuka.

Hakuna jibu. Bi Penseli akakumbuka kwamba kwao Msimamizi bado ni alfajiri, amelala. Saa nane na nusu. Saa tisa. Niliomba Mungu amwamshe, kwa ndoto, kwa mbu, kwa lolote. Muuguzi alipita na muhuri mkononi. Mke wangu akapiga simu, sikupokea. Saa tisa na robo. Nikaahidi kufunga siku tatu. Saa tisa na nusu nikaongeza ziwe saba.

Saa tisa na dakika thelathini na nane. Barua! Neno moja: Sahihisha.

Nikafuta watatu, nikaandika watano, na majina yao yote. Bi Penseli akautuma mstari wake mara ya tatu. Mashine ikaanza kuuliza maswali yake, moja baada ya jingine, bila haraka yoyote, kama bibi anayechambua mchele. Namba 137. Kijani. Fundi akaweka. Printa ikakohoa.

Nilikimbia korido nzima na karatasi. Muuguzi alikuwa anafunga dawati. Saa kumi kasoro dakika tatu. Watu arobaini na wanane. Akapiga muhuri.

Nilikaa sakafuni pale pale. Asante, Mola wangu. Asante. Sitarudia.

Ijumaa, 7 Machi

Upasuaji umefanyika. Mama alikuwa wa mwisho kabisa kuingia. Katoka na bandeji, anadai chai.

Mlinzi wa majaribio ni Bi Penseli. Nilimpongeza. Alinipa kifutio kipya, sijui ni zawadi au ni kijembe.

Msimamizi ameamuru nirudie majibu yote mia mbili na kumi na moja yaliyobaki, kwa kuyafikiria mwenyewe, kwenye daftari, kwa penseli. Nipige picha kila ukurasa nimtumie. Bi Penseli atakagua.

Jumamosi, 8 Machi

Wameondoa bandeji. Mama akatazama dirisha, akamtazama mke wangu, wakalia wote wawili. Kisha akanigeukia, akanitazama muda mrefu. Akasema, kumbe ndiye wewe! Kwa sauti nilidhani una nywele.

Nimemwambia kila kitu. Akasema amenisamehe, ila wale wengine kumi nikawaombe msamaha mwenyewe. Nimeshawaombea, si ni yaleyale?

Ile ahadi ya kufunga siku saba, naitafutia wiki yenye nafasi.

Jumatano, 12 Machi

Kazi ya daftari haina mwisho! Siku nne, majibu tisa. Kwa mwendo huu nitastaafu kwanza.

Lakini leo, katikati ya sala ya asubuhi, nimepata wazo.

Msimamizi anataka kuona daftari, penseli, na jasho. Basi nauliza mashine swali, inajibu, nami naandika jibu lake daftarini kwa penseli. Hapa na pale naandika kosa dogo, nalifuta, nasugua na kidole ukurasa uchafuke kidogo. Picha zinapendeza sana. Bi Penseli mwenyewe ameandika kwamba anaona juhudi. Majibu arobaini na tisa kwa siku moja!

Jioni naifanyia kazi hii nyumbani, na mama alikuwa amekaa kwenye kochi upande wa pili wa chumba. Akauliza mbona natazama kioo cha kompyuta kwanza ndipo naandika. Macho yake sasa yanaona mpaka yasiyomhusu. Nimegeuza kiti.

Swali la hamsini na nane limetoka sasa hivi. Mashine inasema mgonjwa amezaliwa tarehe 30 Februari. Nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena vizuri zaidi. Mashine haina sababu ya kunidanganya.