Habari Mpya za Kuwaandikia Chuo cha Udaktari

Jumatatu, 8 Machi 2004

Barua kutoka chuo cha udaktari imefika. Hawajanikubali. Hawajanikataa pia. Wameniweka kwenye orodha ya wanaosubiri, na nikipenda, wanasema, naweza kuwaandikia kwa ufupi kabla ya mwisho wa mwezi, niwaeleze lolote jipya lililotokea tangu usaili wa Desemba.

Nimekaa kitandani kutafuta jambo jipya. Desemba nilikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee hapa Wembley. Sasa ni Machi, na mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee hapa Wembley. Januari niling'olewa jino. Nimeliandika, nikalifuta. Kisha nikalirudisha, maana sikulia, na udaktari unataka uvumilivu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu kuomba. Anti Maureen, muuguzi, ambaye naishi kwake hapa London, amesema wakinikataa tena niende kwa mjomba Eddie nikajifunze kutandika mazulia. "Kizito mwanangu," akasema, "mazulia nayo ni kazi." Alisema kwa upole. Huo upole ndio ulioniuma.

Jumatano, 10 Machi

Abdulwakil wa Unguja, tunayefanya naye zamu moja, yuko kwenye orodha hiyo hiyo ya chuo hicho hicho. Nafasi zenyewe za kuhesabu. Nimejitolea kumkagulia Kiingereza cha barua yake. Lengo: kujua anapanga nini.

Alinipa bila wasiwasi. Sentensi tatu. Kwamba bado anawahudumia wazee. Kwamba amefaulu mtihani wa kemia. Kwamba bado anakitaka chuo hicho kuliko vingine. Nikamuuliza iliyobaki iko wapi. Akasema hakuna iliyobaki, hayo ndiyo yaliyotokea.

Mjanja sana huyu. Nitamchunga.

Ijumaa, 12 Machi

Nimepata. Wanachotaka ni uongozi. Leo wakati wa mapumziko nimeanzisha Jumuiya ya Afya ya Waafrika Mashariki, Wembley na Vitongoji Vyake. Mwenyekiti ni mimi. Nimepita bila kupingwa. Nilimpa Abdulwakil ukatibu, akauliza jumuiya inafanya nini. Swali la mtu asiyezaliwa na uongozi.

Lakini kwenye basi nikaona ana hoja. Jumuiya lazima ifanye kitu hata mara moja. Nimempigia padri, nikamwomba ukumbi Jumapili tuwapime watu presha baada ya misa. Amekubali, akidhani Anti ndiye atakayepima. Sikumsahihisha. Anti ameniazima mashine yake, akidhani nataka kujifunzia nyumbani. Yeye pia sikumsahihisha.

Jumapili, 14 Machi

Watu walijaa. Padri alitangaza vizuri mno.

Hita ya ukumbi ilikuwa imekufa, kwa hiyo hakuna aliyekubali kuvua koti. Nikaona si neno, nikafunga kitambaa cha mashine juu ya makoti. Mtu wa kwanza, presha ya kutisha. Wa pili, ya kutisha zaidi. Nikajisikia vizuri, nakiri. Nimefika wakati ufaao, nikawaza. Wembley nzima ilikuwa inaangamia kimyakimya.

Mzee Alexis, Mkongo anayeongoza kwaya, aliuliza yake ni ngapi. Nikamwambia kwamba mtu mwenye presha ile hapaswi kuwa amesimama. Akaniamini. Akajilaza juu ya meza, katikati ya mandazi, akamwomba mkewe amletee padri na wanawe wote. Kina mama wakaanza kusali. Mwingine akauliza kama basi la kwenda hospitali hufanya kazi Jumapili.

Hapo Anti Maureen akaingia. Hakupaza sauti. Alimvua Mzee Alexis koti, na sweta, na sweta nyingine, akampima upya. Presha ya kijana. Akawapima wengine, wote wazima. Kisha akakunja mashine yake, akaniuliza mbele ya watu: "Wewe, koti lina mshipa?"

Mzee Alexis alikataa kushuka mezani. Alisema amekwisha kujiandaa, na padri yuko njiani.

Hata hivyo, tukio limefanyika. Nimeandika kwenye rasimu: tuliwahudumia watu wengi, mmoja wao ikabidi alazwe.

Jumanne, 16 Machi

Leo nilipanga kuimaliza barua kazini. Haikuwezekana.

Yupo Mama Balwinder, mjane Mhindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye huongea nami Kiswahili tu. Kila asubuhi huitukana chai yangu. Husema ni maji yaliyoona majani kwa mbali. Leo nilimpa kikombe, nikasimama kungoja tusi langu. Kimya. Nikamuuliza, "Mama, chai vipi leo?" Akajaribu kutabasamu, na tabasamu likapanda upande mmoja tu. Kikombe kikamponyoka.

Msimamizi wa zamu akasema ni uchovu, tumlaze kidogo. Nikasema hatumlazi. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Niliita ambulensi mwenyewe, msimamizi akiwa pembeni ananiambia nitaandikiwa onyo. Mama Balwinder alinishika mkono wa sweta, na walipokuja kumchukua hakuachia, kwa hiyo tukachukuliwa wote wawili. Njiani nilikuwa namtajia mitaa ya Kisumu, ninayoijua na nisiyoijua, ili asilale.

Ni kiharusi. Daktari amesema kuwahi kumesaidia sana. Nilikaa naye hadi mwanawe, Avtar, alipofika kutoka Tooting. Kwenye treni ya kurudi abiria mmoja alinitazama, akanipisha kiti.

Barua haijaguswa. Siku nzima imepotea.

Jumatano, 17 Machi

Anti alinisemesha kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alikwisha kusikia habari za Mama Balwinder. Akasema, andika hilo. Nikamwambia hilo ni kazi tu, kila mtu angefanya. Akasema kulikuwa na mtu mwingine pale na hakufanya. Nikamuuliza kama kweli anataka niwaandikie maprofesa kwamba bibi mmoja hakulalamika kuhusu chai. Akasema ndiyo, hivyo hivyo. Kisha akatoka jikoni, akaacha ugali motoni.

Anti ni muuguzi mzuri, lakini hajui vyuo vikuu.

Nimemaliza. Jumuiya imechukua ukurasa mmoja na nusu. Jino lina aya yake. Nimetia sahihi kama Mwenyekiti, nimeiposti.

Jumatano, 24 Machi

Nimekwenda kumwona Mama Balwinder hospitali. Maneno yanatoka polepole, lakini yanatoka. Alinionyesha kikombe cha chai ya wodini, akaniambia nimwage dirishani. Niligeuka kidogo kutazama nje, nikajifuta macho.

Avtar aliuliza chuo ninachoomba kinaitwaje. Nikamwambia. Jioni meneja wa nyumba ya wazee akaniita ofisini. Nilidhani ni lile onyo. Kumbe naye anataka jina la chuo, awaandikie yeye na Avtar pamoja. Nilimsihi asitaje chai.

Sasa nina wasiwasi. Nimejenga hoja yangu kwa uangalifu mkubwa, halafu watu wa nje wanaingilia.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimekubaliwa.

Mwanamke wa ofisi ya chuo alipiga simu asubuhi. Nilikaa chini kwenye ngazi. Anti alininyang'anya simu ili asikie mwenyewe, kisha akakaa karibu yangu, tukawa tunalia wote, simu ikiwa wazi, yule mwanamke akisema halo, halo.

Nilipoirudisha sikioni, nilimshukuru kwa jinsi walivyoithamini Jumuiya. Akasema kwa adabu kwamba waliitafuta Jumuiya kila mahali bila kuipata, kwa hiyo waliiweka kando. Walisoma barua ya meneja na mtoto wa yule bibi. Wakaisoma mara mbili, akasema.

Abdulwakil naye amekubaliwa, tangu juzi. Kwa sentensi tatu. Nafikiri walimhurumia.

Nimetafakari mchana kutwa maneno ya yule mwanamke, na kosa langu nimeliona wazi. Jumuiya haikuwa na anwani. Watu wangeipataje? Kesho asubuhi nakwenda posta kuulizia sanduku la barua, kisha nitawaandikia watu wa hosteli za chuo. Mwenyekiti hawezi kupewa chumba cha kuchangia.