Nilivyoanguka Mbele ya Mama Mkwe kwa Sababu ya Kichwa cha Samaki

Leo saa tisa alasiri nimeanguka chali mbele ya mama mkwe wangu. Miguu juu. Soksi ya kushoto ina tundu, na kidole gumba kilikuwa nje kinaangalia dunia.

Najua mtauliza ilikuwaje. Nianze mwanzo, kwa utaratibu.

Mimi ni Mkuria wa Kehancha, baba wa Boke. Mke wangu, Akinyi, ni Mluo wa kisiwa cha Takawiri. Tunaishi hapa mjini Homa Bay. Mama yake hajui Kikuria, na Kijaluo changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, tena kidogo. Ni heshima. Mbele ya mama mkwe hukai ovyo, huli ovyo, hucheki ovyo. Hata kulala kwetu mama halali, mila yao haimruhusu. Analala kwa dada yake mtaa wa pili, mchana anashinda kwetu.

Akinyi ndiye aliyemtoa kisiwani. Tulimzika baba mkwe miezi mitano iliyopita, na tangu siku ile mama hajacheka. "Mama alikuwa akicheka, walio kwenye boti wanageuka," Akinyi huniambia. "Sasa anakaa tu." Leo asubuhi akienda kazini alinishika mkono mlangoni: "Baba Boke, usimwache peke yake. Hata kama hamna la kuongea."

Hatukuwa na la kuongea. Lakini nilikuwa na kipindi.

Nina rafiki niliyesoma naye, siku hizi anaandika vichekesho vya televisheni Nairobi. Wanatengeneza kipindi cha kuwavuta watu wa huku ziwani, naye akanitumia sehemu ya kwanza ya majaribio. Niwaonyeshe watu, niandike nani anacheka na anacheka wapi. Alijua anamtuma nani. (Kwenye harusi yangu mwenyewe niliandika nani alipakua mara mbili.)

Wiki nzima nimezunguka na daftari. Kwa kinyozi, vijana walicheka kwenye Sheng, na pale jamaa anapofumaniwa na simu mbili. Sokoni, kina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, walicheka pale mume anapojificha nyuma ya kabati pasta asimwone. Kila mmoja alicheka palipomgusa. Safu ya wazee ilibaki tupu.

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama ukuta.

"Mama, tutazame kitu?"

"Kama wewe unataka, Baba Boke."

Nikachomeka flashi kwenye televisheni. Nikamwachia kochi, mimi nikavuta kiti cha plastiki, kile chenye ufa mguuni, nikakaa pembeni nikiwa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Dakika ya tatu, baba wa kwenye kipindi akamwambia mkewe, "Leta sati yangu." Kile kicheko chao cha kurekodiwa kikalipuka. Mama akanigeukia.

"Hawa wanacheka nini?"

"Amesema... sati, mama."

"Si ni sati?"

"Ni sati, mama."

"Basi wanacheka nini?"

Nikauma mdomo. Nikaandika: *Dakika ya tatu. Hapana.* Rafiki yangu anaamini huo, Mluo kusema sati badala ya shati, ndio utani wao mkubwa. Nitamwambia pole pole.

Jamaa wa simu mbili akapita. Mama kimya. Pasta na kabati vikapita. Mama kimya, mikono mapajani. Nikaanza kujuta. Nimemletea mjane kelele za Nairobi, nikidhani huzuni ni kitu cha kuondolewa na flashi.

Halafu wakaandaa chakula. Mgeni wa heshima amefika, mke akaleta sahani, kamera ikasogea: samaki wa ngege, mzuri, amekaangwa vizuri, lakini hana kichwa.

Mama akasogea mbele kwenye kochi.

"Kichwa iko wapi?"

Mgeni akaanza kula.

"Wewe mama!" Sasa alikuwa anaongea na televisheni, kidole juu. "Kichwa umepeleka wapi? Mtu ametoka mbali na gari yake, unampea mkia? Na wewe mgeni unakula tu! Uliza kichwa!"

Mgeni hakuuliza. Akasifu mapishi.

"Anasema tamu!" Mama akanitazama kama shahidi mahakamani. "Baba Boke, huyu hana kwao?"

Nilijitahidi, Mungu anajua. Nilishikilia kicheko tumboni, kikapanda kifuani, kikafika masikioni. Nikajikunja. Ule mguu wenye ufa ukasema *ta!*

Mengine mnayajua. Kidole gumba, dunia.

Na sekunde ileile televisheni ikacheka. (Hata wao!)

"Baba Boke, umeumia?"

"Hapana, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama." Nikiwa bado chini, nikiangalia dari, nikiwaza nitawaambia nini wazee wa Kehancha.

Kisha nikasikia kitu kama kikohozi. Nikainua kichwa. Mama amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Leso ikashindwa. Alicheka, jamani. Alicheka, jirani akachungulia dirishani.

"Mzee," akasema, akipangusa macho, "mzee pia alianguka hivyo. Siku alikuja kwetu kuniposa. Kiti ilikuwa ya mama yangu. Miguu juu, hivyo hivyo. Mama akasema, huyu ameanguka, sasa ataenda wapi? Mpeeni tu msichana."

Akacheka tena. Akaniangalia pale chini muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akafunga mlango.

Akinyi amepiga simu sasa hivi.

"Mama yuko aje?"

"Amecheka."

"Amefanya nini?"

"Amecheka sana."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Na saa hii?"

Saa hii mlango wa jikoni bado umefungwa. Nimekaa sakafuni (viti nimeviogopa), sikio ukutani. Kuna sauti ndani. Inapanda, inakatika, inaanza tena. Inaweza kuwa kicheko. Inaweza kuwa kile kingine.

Kwa hiyo nawaomba, msicheke. Nyamazeni kidogo tu, nisikie vizuri.