Malalamiko Dhidi ya Bahari Kuhusu Darasa la Hisabati ya Ziada

Ndugu Mratibu wa Darasa la Jumamosi,

Shikamoo. Kwanza nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nalipenda somo la Hisabati ya Ziada. Hata binamu yangu Maneno, ninayepanda naye mtumbwi kutoka Kiongoroni, anadhani nafuata maandazi ya saa nne. Shuleni kwetu somo hilo halina mwalimu, kwa hiyo nilifurahi sana mlipotufungulia darasa huko bara sisi wa visiwani.

Lakini kanuni yenu inasema anayefika baada ya saa mbili mara tatu anafutwa, nafasi yake apewe mwingine. Mimi nimeshachelewa mara mbili. Jumamosi hii ni ya bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na asubuhi hupwa mpaka mitumbwi ikakaa topeni. Kwa heshima zote, namlalamikia mhusika, yaani bahari.

1. Bahari haikupewa nakala ya ratiba. Mliibandika kwenye ukuta wa ofisi, na bahari haijawahi kufika huko.

2. Mimi nimeandikwa mchelewaji mara mbili, bahari hata mara moja. Naomba iingizwe kwenye daftari la mahudhurio. Ikifikisha mara tatu ifutwe, na nafasi yake ipewe barabara ya lami.

3. Baba aliitwa kwa ajili yangu, akaacha mpunga wake ukiliwa na ndege. Kitabu cha Jiografia kinasema anayeyavuta maji ni mwezi. Naomba mwezi naye aitwe, na aje mchana kama wazazi wengine.

4. Tukiingia na tope miguuni, wenzetu wa bara husema, “Mikoko imefika, fungueni madirisha!” Mimi huona haya, jibu langu huja Jumapili. Maneno ndiye huwaambia, “Fungueni na madaftari, tuone nani kapata swali la nne.” Naomba mtihani ujao ufanyiwe kwenye tope, maji yakiwa yamekupwa, ili sote tuanzie mahali pamoja.

5. Ikiwa yote hayo ni magumu, basi somo lifutwe nchi nzima. Kila mtu akilikosa, usawa utakuwa umepatikana, tena bila gharama.

Nisalimie walimu, mlinzi wa geti, wapishi, na wale wa madirishani. Sina kinyongo nao sana.

Mwanafunzi wako mtiifu maji yakijaa,
Mwanahalima Mustapha,
Kidato cha Tatu.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilichora grafu ya kujaa na kupwa kwa maji, kama tulivyofundishwa. Imeonesha kwamba siku za bamvua maji hujaa saa kumi alfajiri, jambo ambalo kila mvuvi kwetu analijua bila grafu. Kwa hiyo naiondolea bahari mashtaka yote, na somo tafadhali lisifutwe. Leo Jumamosi tumeondoka saa kumi, tukafika saa kumi na mbili na nusu, geti bado limefungwa. Mlinzi alitupatia daftari la mahudhurio, tukajiandika wa kwanza na wa pili. Mwalimu alifika saa tatu kasorobo. Nikamwandika chini yetu, pamoja na saa, kisha nikaingia darasani nikakaa mbele.