Kadi ya Neno Ukarimu

Jumatatu, 3 Juni
Mhariri mkuu anastaafu Ijumaa. Miaka kumi na minane namwandikia kamusi yake, kiti ni changu! Mke wangu keshawatangazia wakwe. Lakini leo mzee kagawa maneno ya kueleza mbele ya wote Alhamisi, maana na asili, eti ndipo achague mrithi. Ukarimu kapewa Mpole wa meza ya pili, yule anayegawa hata kalamu aliyoishika. Mimi nimepewa ukarabati. Ukarabati!

Jumanne, 4 Juni
Nimeamka na hila. Nimemwandikia Mpole kadi ya ukarimu, kwa mwandiko wangu ambao ofisi nzima inausifu. Asili: Kireno, jina la baharia aliyekuwa akigawa biskuti. Uongo mtupu, neno ni la Kiarabu! Nikampa, nikamwambia asijisumbue, nimeshamfanyia kazi. Kashukuru hadi machozi yakamlengalenga. Nikaona haya kidogo. Imepita.

Jumatano, 5 Juni
Mpole kaniuliza kama nina hakika na huyo baharia. Nikaapa kwa kaburi la mama. Mama yuko hai, atanisamehe.

Alhamisi, 6 Juni
Mzee kaisoma kadi kwa sauti. Baharia! Biskuti! Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Kisha akaigeuza. Nyuma, pale tunapotia jina la mwandishi, Mpole kaandika jina langu. Eti jasho la mtu haliibiwi.

Miaka kumi na minane natia jina nyuma ya kila kadi, nikasahau kutia la Mpole siku hiyo moja! Wote wakanigeukia. Mpole akanitetea, akasema nimechoka tu, kazi zimenizidi. Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 7 Juni
Kiti kapewa Mpole. Wakwe wamepiga simu kunipongeza, mke wangu kanipa simu nijibu mwenyewe, kisha kajifungia chumbani. Roho inaniuma, sifichi.

Kabla sijatoka kazini Mpole aliniita. Kasema kadi ya ukarimu niiandike upya mimi, nijisafishe. Alinionea huruma, mshenzi yule!

Nimeiandika. Maana: tabia ya kutoa bila kutaka malipo. Asili: Kiarabu. Mfano: "Ukarimu wa kinafiki humkalisha mjinga kwenye kiti cha mwenzake." Safari hii nyuma sikusahau. Nimetia jina la Mpole, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri.