Vifaa Kwanza, Bustani Baadaye

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya nne ya kustaafu. Leo nimefukuzwa jikoni mara mbili. Mke wangu kasema nimepanga vijiko kwa ukubwa na hakuna aliyeniomba. Kisha akatoa hukumu: kiwanja cha nyuma nikitaka nikifanye bustani, ruksa. Lakini Jumapili ikifika bila mbegu ardhini, anampa kaka yake afugie kuku. Nimemwambia aondoe shaka. Miaka thelathini na moja nimekuwa mtunza stoo. Mtaani hapa hakuna anayejua vifaa kunishinda.

Jumanne, 4 Machi
Saa nne nzima dukani. Reki, sepetu, mkasi wa matawi, keni ya kumwagilia, toroli. Jembe ndilo lililonisumbua. Mpini mmoja mzito lakini imara, mwingine mwepesi lakini nyuzi za mti zinakwenda upande. Muuzaji akaniuliza kwa upole kama nyumbani hawanisubiri. Nimechukua la kila aina.

Jirani yangu, fundi cherehani, analima kwa jembe lililolika hadi limebaki kama kijiko. Akachungulia juu ya ua, akasema mchagua jembe si mkulima. Nimemjibu kwamba methali hiyo inamhusu anayechagua jembe moja.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu amejikwaa kwenye reki sebuleni. Ametamka maneno ambayo sikujua anayajua. Ana haki. Vifaa havikai sebuleni, vinakaa stoo. Mbao za kitanda cha zamani zipo. Nitajenga.

Alhamisi, 6 Machi
Stoo imesimama. Nimeiweka penye jua siku nzima, maana unyevu huleta kutu. Fundi cherehani akauliza kama ninajua kwamba nyanya nazo hupenda jua. Nimemwambia kila kitu na zamu yake.

Mchana nilikaa humo peke yangu. Kazini kila asubuhi nilitoa majembe kwa saini. Jioni yalirudi na udongo, nami nikaandika: yamerudi, machafu. Sikuwahi kuuliza udongo ulitoka wapi, wala huko kuliota nini. Imenihuzunisha. Nataka angalau jembe moja nilichafue mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechora ukutani umbo la kila kifaa kwa rangi nyeupe, ili kikikosekana ijulikane. Mke wangu akaleta chai, akaitazama michoro. Halafu akasema stoo ni nzuri, ila yeye alitaka tu nipande kitu. Amechoka kuniona dirishani asubuhi nikisubiri gari la kazini. Kumbe ananiona. Nimemwahidi kesho nalima.

Jumamosi, 8 Machi
Toroli haliingii mlangoni. Nimebomoa ukuta mmoja, nikaongeza hatua mbili upande wa kushoto na moja nyuma. Jioni nikatoa jembe, nikatafuta pa kulima. Stoo imekula kiwanja. Umebaki mkanda wa ardhi usiozidi upana wa mlango.

Nikanyanyua jembe hata hivyo. Lilikuwa safi mno. Nimelirudisha, nikajisainia.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amefika asubuhi na kuku wanane. Akaikagua stoo: paa, hewa, mlango mpana. Akasema maishani mwake hajaona banda la kuku lililojengwa kwa akili namna hii. Saa sita kuku walikuwa ndani na vifaa vyangu vimerudi sebuleni. Nimeumia, sitadanganya.

Mke wangu hakunicheka. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye ule mkanda uliobaki, akanikabidhi pakiti ya mbegu za mchicha. Akasema nipande tu, kwa vidole, siku haijaisha. Nikachuchumaa. Nikachomeka kidole. Udongo ulikuwa laini na wa baridi, nami karibu nilie.

Kisha nikalitazama shimo. Lilikuwa na kina gani? Kidole hakina kipimo. Nimemrudishia pakiti aitunze vizuri. Kesho duka likifunguliwa nitaulizia kifaa cha kutobolea mashimo. Nasikia viko vya aina tatu.